Dismutasi ya superoksidi ya manganisi

Dismutasi ya superoksidi ya manganisi (kifupi: MnSOD, kwa binadamu huitwa pia SOD2) ni kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya mitokondria. Hupatikana katika wanyama, mimea na kuvu, na bakteria wengi wana ndugu yake wa karibu. Kazi yake ni kuondoa superoksidi, aina ya oksijeni yenye elektroni moja ya ziada, kabla haijaharibu sehemu nyingine za seli. Katika maabara protini hiyohiyo hutengenezwa kwa wingi ndani ya bakteria na kutumiwa kama kipimo cha kulinganishia, kama chombo cha utafiti, na kwa kutengenezea kingamwili.

Superoksidi inatoka wapi

Darasani tumezoea kufundisha kwamba oksijeni ni uhai. Ni kweli, lakini oksijeni hiyohiyo ndiyo inayotia chuma kutu. Mitokondria hupata nishati kwa kupitisha elektroni kutoka protini moja hadi nyingine kwenye utando wake wa ndani, na mwishoni oksijeni huzipokea na kuwa maji. Elektroni chache huchopoka njiani, hasa kwenye changamano la kwanza na la tatu la mnyororo huo. Zikidakwa na oksijeni moja moja, superoksidi huzaliwa.

Superoksidi yenyewe si kali kama inavyodhaniwa mara nyingi. Ubaya wake mkubwa ni kwamba hushambulia vimeng'enya vyenye mafundo ya chuma na salfa, mfano akonitasi ya mzunguko wa Krebs. Fundo likivunjika, kimeng'enya huacha kufanya kazi na chuma huachiliwa huru. Chuma hicho kikikutana na hidrojeni peroksaidi huzaliwa radikali ya hidroksili, ambayo hushambulia karibu kila kitu kilicho jirani, DNA ikiwemo.

Jambo moja husahaulika: superoksidi ina chaji hasi, kwa hiyo haivuki utando kwa urahisi. Iliyozaliwa ndani ya mitokondria hubaki humo. Ndiyo sababu mitokondria inahitaji kimeng'enya chake yenyewe, hata kama nje yake, katika saitoplazimu, kuna SOD1 tele, ambayo hutumia shaba na zinki.

Muundo na utendaji

Jeni ya SOD2 ya binadamu iko kwenye kromosomu ya 6. Protini hutengenezwa katika saitoplazimu ikiwa na asidi amino 222. Asidi amino 24 za mwanzo ni kama anwani ya barua: huipeleka protini hadi mitokondria, na ikishaingia hukatwa. Zinabaki 198, zenye uzito wa takriban kilodaltoni 22. Vipande vinne vya namna hiyo huungana kuwa kimeng'enya kamili, kila kimoja kikiwa na atomu moja ya manganisi iliyoshikwa na histidini tatu, asidi aspatiki moja na molekuli ya maji au hidroksidi. Muundo huu wa kimeng'enya cha binadamu ulichapishwa mwaka 1992.

Manganisi yenye chaji +3 huchukua elektroni kutoka kwa superoksidi ya kwanza, ambayo hurudi kuwa oksijeni ya kawaida. Sasa manganisi ni +2. Superoksidi ya pili inapofika huipokea elektroni hiyo pamoja na protoni mbili, ikawa hidrojeni peroksaidi, na manganisi hurudi +3 tayari kuanza upya. Molekuli mbili za aina moja zimeingia, moja imepoteza elektroni na nyingine imeipata. Mmenyuko wa namna hiyo huitwa dismutisho, na humo ndimo jina la kimeng'enya lilimotoka.

Hidrojeni peroksaidi nayo si salama, hivyo vimeng'enya vingine, kama peroksiredoksini 3, huibadili kuwa maji.

Ugunduzi

Protini ya shaba iliyokuja kujulikana kama SOD1 ilitengwa kutoka kwenye damu mwaka 1938, ila kwa miaka thelathini hakuna aliyejua kazi yake. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba ni kimeng'enya kinachoondoa superoksidi. Mwaka uliofuata aina ya manganisi ilipatikana katika bakteria Escherichia coli, na mwaka 1973 Weisiger na Fridovich waliitenga kutoka kwenye mitokondria za maini ya kuku. Kufanana kwa kimeng'enya cha mitokondria na kile cha bakteria kuliwapa nguvu wanaosema kwamba mitokondria zilitokana na bakteria walioingia ndani ya seli zamani sana.

Kikikosekana

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha habari za panya wa maabara waliozaliwa bila jeni hii. Watoto hao walikufa ndani ya siku kumi hivi. Mioyo yao ilikuwa imetanuka na misuli yake kulegea, mafuta yalijaa kwenye ini, na damu ilikuwa na asidi nyingi. Katika ukoo mwingine wa panya waliishi hadi wiki tatu, wakiwa na upungufu wa damu na kuharibika kwa neva. Panya wasio na SOD1, kwa upande wao, hufika utu uzima. Mwaka 2020 iliripotiwa habari ya mtoto mchanga wa binadamu aliyerithi kasoro ya SOD2 kutoka kwa wazazi wote wawili. Naye alifariki kwa moyo kutanuka.

Ila pana tokeo lisilopendwa na wauzaji wa dawa za kuzuia uzee. Panya wenye nakala moja tu ya jeni, hivyo nusu ya kimeng'enya, hupata madhara zaidi ya DNA na saratani nyingi zaidi, lakini huishi muda uleule kama wenzao.

Matumizi katika maabara

Ili kupata protini ya binadamu, wanasayansi huingiza jeni yake katika E. coli. Kwa kawaida sehemu ya anwani huachwa, kwa kuwa bakteria hana mitokondria wala mkasi wa kuikata. Mara nyingi huongezwa mkia wa histidini sita ili protini inate kwenye safu yenye nikeli na uchafu uoshwe. MnSOD huvumilia joto, hivyo wengine huchemsha mchanganyiko kufikia nyuzi 60 za selsiasi. Protini nyingi za bakteria huganda na kuzama, yenyewe ikabaki kwenye maji.

Mitego iko miwili. Kwanza, E. coli ana dismutasi zake, na zikichanganyika na ya binadamu vipimo hudanganya; dawa yake ni kutumia bakteria walioondolewa jeni sodA na sodB. Pili, manganisi ikipungua kwenye chakula cha bakteria, chuma huchukua nafasi yake. Protini yenye chuma hujikunja vizuri, huonekana safi kwenye jeli, lakini haiondoi superoksidi. Kwa hiyo usafi ulioandikwa kwenye chupa hautoshi. Anayetaka kimeng'enya, si protini tu, lazima apime utendaji.

Kipimo cha asili ni kile cha McCord na Fridovich. Oksidasi ya zanthini hutengeneza superoksidi, nayo hubadili sitokromu c, badiliko linaloonekana kwa mwanga wa nanomita 550. Kimeng'enya kikiongezwa, badiliko hupungua. Kiasi kinachopunguza kasi kwa nusu huitwa yuniti moja. Ili kutofautisha aina, huongezwa sianidi kidogo: huizima SOD1, lakini MnSOD huendelea na kazi.

Kingamwili dhidi ya protini hii hutumika pia kuonyesha mitokondria zilipo katika seli, na protini safi huwekwa pembeni kama shahidi kwamba kingamwili imeshika kitu sahihi.

Kuhusu vidonge

Vidonge na unga wenye jina la SOD huuzwa kama kinga ya uzee. Protini ikimezwa humeng'enywa tumboni kama protini ya maharage. Hata ikidungwa kwenye damu, molekuli kubwa kama hii haipenyi kwa urahisi hadi ndani ya mitokondria. Kwa sababu hiyo watafiti waligeukia kemikali ndogo zenye manganisi zinazoiga kazi yake. Mojawapo, avasopasemu, ilijaribiwa kupunguza vidonda vya mdomo kwa wagonjwa wa saratani wanaopata tiba ya mionzi. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha kwa ushahidi uliokuwepo.