Marekani na Hati ya Deni Lake

Marekani, ambayo wazee wetu wa pwani waliijua kwa nguo ya merikani, na ambayo Sayyid Said bin Sultan alifunga nayo mkataba wa biashara mwaka 1833, ni jamhuri ya majimbo 50, na watu wake, kwa hesabu ya mwaka 1960, walizidi milioni 179. Mashariki yake ni bahari ya Atlantiki, magharibi Pasifiki. Mto wake mashuhuri ni Mississippi. Mazao yake ni ngano, mahindi na pamba. Rais huchaguliwa kila miaka 4. Mengine ya namna hiyo msomaji atayapata katika vitabu vya jiografia, kwani mimi tangu nirejee safarini moyo wangu haujabanduka katika ukumbi mmoja wa Washington.

Katika ukumbi huo, ndani ya jumba la nyaraka za taifa, zimewekwa Azimio la Uhuru la mwaka 1776 na Katiba ya mwaka 1787, zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, zikafungiwa ndani ya vioo pamoja na hewa isiyodhuru wino; na kwa miaka mingi, jumba lilipofungwa, mtambo ulizishusha futi 20 hivi chini ya sakafu, zikalala katika hazina ya chuma na saruji. Mwezi Agosti 1814, Waingereza walipoukaribia mji ili kuuchoma, karani Stephen Pleasonton alizitia hati hizo katika mifuko ya kitani, akazipakia magarini, akazitorosha mpaka Leesburg. Na Desemba 1941, vita vilipowafikia tena, zilihamishiwa Fort Knox.

Wala uangalifu huo hawakuzaliwa nao, bali walifunzwa na hasara. Maana tangu 1841 mpaka 1876 Azimio lilitundikwa kukabili dirisha, nuru ikaunywa wino, hata leo sahihi nyingi hazisomeki.

Lakini maana haikufutika. Thomas Jefferson, aliyeandika kuwa watu wote wameumbwa sawa, alikuwa mwenyewe na watumwa. Na Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani, aliyashika maneno yayo hayo mwaka 1852, akawauliza wenye sikukuu ya uhuru mtumwa ana fungu gani katika uhuru wao. Mwaka 1865 badiliko la 13 la Katiba likaufuta utumwa. Na tarehe 28 Agosti 1963 Martin Luther King alisimama mbele ya umati katika mji huohuo wa Washington, akasema hati zile ni ahadi ya malipo ambayo watu weusi hawajalipwa. Ndipo nilipofahamu kwamba anayedhulumiwa hupata nguvu ya kudai pale ahadi aliyopewa ilipohifadhiwa, akaweza kuinyoshea kidole.

Nasi je? Marehemu babu yangu aliacha kasha la barua na tungo kwa khati za Kiarabu. Wajukuu tukaligombea kasha, karatasi tukazirundika ghalani, mchwa wakazirithi. Wahenga walikwisha kutuonya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, nasi twalisema neno hilo kila siku wala hatulitendi. Mwenye waraka nyumbani na autoe unyevuni leo, aunakili, awasomee wanawe. Kwani twaahidiana mengi majukwaani siku hizi za uhuru, na atakayezaliwa kesho, tusipomwekea hati, atatudai kwa lipi?