Msaidizi wa Namna Gani?

Masomo: Mwanzo 2:18–25, Kutoka 18:1–4



Miaka mingi tumesimama arusini na kuhubiri juu ya neno moja la sura ya pili ya Mwanzo, yaani neno "msaidizi". Tulimgeukia bibi arusi tukamwambia, "Binti yetu, wewe uliumbwa uwe msaidizi. Basi nenda ukamtumikie mumeo." Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali, akina mama wakapiga vigelegele, nasi tukaketi tukidhani tumeyaeleza Maandiko. Leo twataka kuungama kwamba hatukuyaeleza sawasawa.

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, msaidizi ni nani? Fundi mwashi ana msaidizi wake. Huyo huchanganya saruji, hubeba mawe, na jioni hulipwa kidogo kuliko fundi. Ofisini yuko karani, na chini yake yuko karani msaidizi. Basi tusikiapo kwamba mke ni msaidizi, mara tunamweka mahali pale pale, chini. Mama arudi kutoka shambani na mzigo wa kuni mgongoni na mtoto kifuani, naye baba atembea mbele mikono mitupu. Akiulizwa, jibu lake liko tayari: "Biblia yenyewe imesema ni msaidizi."

Lakini je, hivyo ndivyo Biblia ilivyosema?

Vitabu vitano vya Musa, ambavyo sisi twaviita Torati na Wayahudi huviita Tora, viliandikwa kwa Kiebrania. Katika lugha hiyo neno lililoandikwa hapa ni "ezeri". Tukilifuata neno hilo katika vitabu vyote vitano, twaliona mara sita tu. Mara mbili lamhusu mwanamke, katika Mwanzo 2, mstari wa 18 na wa 20. Mara nne zilizobaki lamhusu Mungu mwenyewe: Kutoka 18:4, na Kumbukumbu la Torati 33, mstari wa 7, wa 26 na wa 29. Mtumwa haitwi ezeri katika vitabu hivyo, wala kijakazi. Hajiri alipoitwa kijakazi, neno jingine kabisa lilitumika.

Tazameni ile Kutoka 18. Musa alimwita mwanawe wa pili Eliezeri. Jina hilo tunalijua, maana makanisani mwetu wamo akina Eliezeri. "Eli" ni Mungu wangu, na "ezeri" ni lile lile neno la Mwanzo. Musa alimpa mtoto jina hilo kwa sababu Mungu alimwokoa na upanga wa Farao. Basi ezeri ni yule ajaye kuokoa wakati nguvu zako zimekwisha. Kwa Kiswahili twasoma "msaidizi" kwa mwanamke na "msaada" kwa Mungu wa Musa, na kwa hiyo hatutambui kwamba ni neno moja.

Neno la pili, ambalo kwetu ni "wa kufanana naye", lina ndani yake maana ya kuwa mbele ya mtu, kumwelekea. Neno hilo hilo latumika Waisraeli walipopiga kambi wakiukabili mlima Sinai. Basi mke ni msaada unaosimama mbele ya mume, uso kwa uso, wala si nyuma ya kisigino chake.

Tusiwalaumu watafsiri. Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, alianza kazi ya kutafsiri kwa kitabu hiki hiki cha Mwanzo, na wengi walimfuata katika kazi hiyo ngumu. Tena mahali pengine Kiswahili chetu kimelishika jambo vizuri sana. Neno la Kiebrania kwa kile Mungu alichotwaa kwa Adamu lina maana pia ya upande, na katika Kutoka latumika kwa pande za sanduku la agano. Neno letu "ubavu" labeba maana zote mbili. Aketiye ubavuni pako hayuko chini yako.

Wala neno "msaidizi" si baya. Katika Yohana 14 Roho Mtakatifu aitwa Msaidizi. Huko neno la Kigiriki ni jingine, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kudhani kwamba Roho Mtakatifu ni mtumishi wetu wa kubeba kuni? Basi neno halina kosa. Kosa ni letu sisi tuliolisikia kwa masikio ya kiburi.

Hatusemi kwamba mke ni mungu wa mumewe, wala kwamba kazi ya mikono ni aibu. Twasema hivi tu: yule ambaye Mungu alimpa jina la heshima namna hii, tusimfanye punda wa nyumba halafu tukasingizia Maandiko.

Ndugu yetu, ulipougua, ni nani aliyekesha kando ya kitanda? Karo ya shule ilipokosekana, ni nani aliyeuza kuku wake wa mwisho? Huyo ndiye ezeri wako. Jioni ya leo mtazame usoni, umshukuru. Na kesho mkitoka shambani, mpokee ule mzigo.

Tuombe. Ee Bwana, uliye msaada wetu, utusamehe tulipolipunguza neno lako ili lituridhishe. Utufundishe kuwaheshimu wale uliotupa wasimame mbele yetu. Katika jina la Yesu. Amina.