Kwa nini rangi ya mtoto wa mbwa hubadilika?

Mtu anayenunua mtoto wa mbwa mjini Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, huenda akaona rangi aliyoipenda ikififia baada ya miezi michache. Si lazima awe amedanganywa. Manyoya laini ya utotoni hupukutika, na yanayoota baadaye huweza kuwa na kiasi tofauti cha melanini, kemikali inayoyapa rangi. Watoto wa Dalmatian, kwa mfano, huzaliwa weupe. Madoa hujitokeza baada ya wiki mbili hivi. Kwa mbwa wa kienyeji, ambao ukoo wao umechanganyika, ni vigumu zaidi kutabiri.

Hatari ni kuzalisha mbwa kwa kufuata rangi pekee. Wakipandishwa wawili wenye mabakamabaka yaitwayo merle, takriban mtoto 1 kati ya 4 hurithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili, na huweza kuzaliwa kiziwi au kipofu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwangalie mama yake. Usimchukue mtoto kabla ya wiki 8, na afikapo miezi 3 achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, maradhi ambayo dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno kupona.