Presha Isiyosikia Dawa: Muulize Daktari Kuhusu Aldosteroni

Juzi nilikuwa Tuala, kule Kajiado, kwa binamu yangu aliyehamia huko kutoka Mombasa. Hajafika miaka arubaini, anameza aina tatu za dawa za presha kila siku, na mashine bado inasoma 170. Usiku misuli ya miguu humbana. Kila mtu ana lake la kumwambia: punguza chumvi, punguza hasira, wengine wanasema amerogwa. Mimi nilimuuliza swali moja: umewahi kupimwa aldosteroni? Hajawahi.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Miongoni mwa kazi zake ni kutoa aldosteroni, homoni inayoziamuru figo zibakishe chumvi na zitoe potasiamu. Wakati mwingine humea humo kijivimbe, aghalabu si saratani, kikawa kinamwaga homoni hii bila kipimo. Chumvi na maji hujaa mwilini na presha hupanda. Potasiamu ikishuka, misuli hudhoofika na kubana. Daktari Jerome Conn wa Marekani aliueleza ugonjwa huu mwaka 1955.

Sababu yake ilianza kujulikana 2011, wanasayansi walipogundua hitilafu katika jeni iitwayo KCNJ5. Jeni hii hutengeneza mlango wa kupitisha potasiamu kwenye seli. Mlango ukiharibika, sodiamu hupenya, kalisi nayo ikaingia, na seli ikatengeneza aldosteroni usiku na mchana. Jeni nyingine, CACNA1D, inahusika na mlango wa kalisi wenyewe. Mara nyingi hitilafu hizi zimo ndani ya uvimbe tu: mtu hakuzaliwa nazo, wala hatawarithisha wanawe.

Sasa sikiliza jambo hili. Kule Japani na China, uvimbe mwingi wa aina hii una hitilafu ya KCNJ5. Lakini utafiti wa 2019 kwa Wamarekani weusi ulikuta CACNA1D ndiyo inayoongoza. Kwa hivyo tusidhani kila kilichopimwa kwa wengine ndivyo kilivyo kwetu. Ni lazima na sisi tupimwe.

Na kupima kunafaa. Utafiti uliochapishwa 2017, uliohusisha wagonjwa wa presha sugu wa Nigeria, Kenya na Afrika Kusini, uliwatibu baadhi yao kwa kufuata vipimo vya damu vya renini na aldosteroni. Nusu yao presha ilitulia. Kwa waliotibiwa kwa mazoea, ilitulia kwa kama mmoja tu katika kila kumi.

Uvimbe ukiwa upande mmoja, tezi hiyo yaweza kuondolewa kwa upasuaji. Vinginevyo kuna dawa kama spironolaktoni, ambayo ni ya miaka mingi.

Ndugu msomaji, usiache dawa zako. Lakini ikiwa unameza aina tatu na presha haishuki, au potasiamu yako iko chini, muulize daktari kipimo hicho. Binamu yangu ameahidi kwenda, inshallah.