Jiko Linalowaka Upesi

Sogeeni, wanangu, nafasi ipo. Leo nina kisa cha majiko mawili ya udongo.

Yalikaa ua mmoja, yamefinyangwa na mkono mmoja. La kwanza likitiwa kuni, huwaka taratibu. La pili likitiwa kuni zile zile, moto huruka mpaka kwenye makuti.

"Una kiburi wewe!" likasema la kwanza.

"Sina kiburi. Ndivyo nilivyofinyangwa. Lakini kuni sijitii mwenyewe."

Haya, tuingie mwilini. Ukijikata kidole, je, hakivimbi? Hakiwi chekundu, tena cha moto? Chembe nyeupe za damu zimekuja kupambana na vijidudu. Madaktari huita hali hiyo inflamesheni. Kidoleni hupoa baada ya siku chache. Lakini hutokea pia kwenye kuta za mishipa ya damu, kolesteroli inapojipenyeza humo, na huko hukaa miaka na miaka bila kuuma. Ukuta hunenepa. Njia ya damu hubana. Siku ukuta huo ukipasuka kwenye mshipa wa moyo, damu huganda papo hapo, na moyo hukosa damu.

"Mjomba, mbona wengine huugua na wengine hawaugui?"

Hongera, mwanangu! Swali hilo limewakeshesha wataalamu wengi.

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 470 wa Los Angeles, Marekani. Watafiti waliwapima unene wa ukuta wa mshipa wa shingoni. Kama watu 6 katika kila 100 walirithi umbo la pekee la jeni moja, ile inayousaidia mwili kutengeneza lukotrieni, kemikali za kuchochea inflamesheni. Kuta za mishipa yao zilikuwa nene zaidi. Majiko ya kuwaka upesi, hayo!

"Basi wamekwisha?"

La, hawajaisha! Lukotrieni hizo hutokana na mafuta fulani yaliyomo kwenye nyama na mayai. Wenye umbo hilo la jeni waliokula mafuta hayo kwa wingi, kuta zao zilikuwa nene zaidi. Waliokula zaidi mafuta ya samaki, unene ulikuwa mdogo zaidi. Jiko lile lile, kuni nyingine. Na mafuta hayo ya samaki yamo hata kwenye dagaa.

"Mimi nina jeni gani?"

Kwa kujitazama hutaijua, na jeni zinazogusa moyo ni nyingi. Lakini kuna mnaloweza kulifanya leo hii. Waulizeni wazee nyumbani: nani katika ukoo wetu aliugua moyo, na alikuwa na umri gani? Jibu lake mwambieni daktari.