Kinachobaki Katika Nepi: Kitambaa, Ngozi na Afya ya Mtoto Mchanga

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, ujauzito unapokaribia kutimia, sanduku hufunguliwa. Ndani yake mna nepi za kitambaa alizovaa mtoto aliyetangulia, vipande vya kanga vilivyolainika kwa kufuliwa mara nyingi, na blanketi dogo. Bibi au mama mkwe amevitunza kwa miaka kadhaa, na ili mende na nondo wasivitoboe, ameweka katikati yake vidonge vyeupe vya nafthalini. Hufanya hivyo kwa upendo na kwa busara ya kubana matumizi. Hata hivyo, vidonge hivyo vinaweza kumletea mtoto mchanga madhara yasiyorekebishika.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutumia nepi za kitambaa nyumbani kwa usalama: namna ya kuzihifadhi, kuzifua na kuzianika, na namna ya kuzisoma, kwa kuwa nepi huonyesha mapema mambo ambayo mtoto hawezi kuyasema.

Kwa nini kitambaa

Nepi ya kitambaa, ambayo wazee wa pwani waliiita winda, ina faida zilizo wazi. Hununuliwa mara moja na kutumika kwa miezi mingi, hata kwa zaidi ya mtoto mmoja. Haiongezi taka majumbani ambako gari la taka halifiki. Nepi 20 hadi 24 za pamba zinamtosha mtoto mmoja katika kaya inayofua kila siku.

Ni haki pia kusema upungufu wake. Nepi za kutupa, ambazo wengi huziita pampasi, zina chembechembe zinazofyonza mkojo na kuuweka mbali na ngozi. Kitambaa hakina uwezo huo. Kikilowa, ngozi nayo hulowa. Kwa hiyo anayechagua kitambaa anachagua pia kazi ya kubadilisha mara kwa mara: kila baada ya saa mbili au tatu mchana, na mara moja kila mtoto anapopata choo kikubwa. Katika majuma ya kwanza hilo laweza kuwa mara kumi au zaidi kwa siku. Familia isiyo na maji ya kutosha, au mama asiye na msaidizi, asilaumiwe akichanganya aina zote mbili.

Kitambaa hubeba kilichotiwa ndani yake

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyororo, na eneo lake ni kubwa ikilinganishwa na uzito wa mwili wake. Chini ya nepi ngozi hiyo huwa na joto na unyevu, hali inayorahisisha kemikali kupenya. Tiba imejifunza jambo hili kwa gharama kubwa.

Mwaka 1886 daktari Mwingereza aliyeitwa Rayner aliandika kuhusu watoto wachanga waliogeuka rangi ya bluu. Chanzo kilikuwa wino wenye anilini uliotumika kupiga mihuri kwenye nepi. Wino huo ulipenya ngozini na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni ipasavyo.

Mwaka 1967, mjini St. Louis nchini Marekani, watoto wachanga katika wodi moja walianza kutokwa jasho jingi, kupata homa na kupumua kwa kasi. Watoto 9 waliugua sana na 2 kati yao wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba wafuaji wa nguo walikuwa wakitia katika maji ya kusuuzia kemikali ya kuzuia ukungu, yenye pentaklorofenoli. Nepi zilitoka safi na zenye kupendeza, lakini sumu ilikuwa imebaki katika nyuzi zake.

Nafthalini na manjano ya mtoto mchanga

Nafthalini hugeuka mvuke taratibu bila kuyeyuka kwanza, na ndiyo maana harufu yake hujaa sandukuni. Mvuke huo hujishika katika nguo. Mtoto anapovalishwa, huivuta kwa pumzi na huipokea kupitia ngozi. Akiwa amepakwa mafuta, kupenya huko huongezeka, maana nafthalini huyeyuka vizuri katika mafuta.

Watoto wengi wataonekana hawajadhurika. Hatari ni kubwa kwa wale wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda seli nyekundu za damu. Upungufu huu hurithiwa kupitia kromosomu X, kwa hiyo huwaathiri zaidi watoto wa kiume, ingawa wa kike nao huweza kuathirika. Umeenea zaidi katika jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, zikiwamo za Afrika Mashariki, na nchini Oman ni wa kawaida sana. Mwenye upungufu huo huweza kuishi miaka mingi bila kujijua.

Seli za mtoto wa namna hii zikikutana na nafthalini, hupasuka kwa wingi. Mabaki yake huzalisha bilirubini, rangi ya njano ambayo ini changa haliwezi kuiondoa kwa kasi inayotakiwa. Macho na ngozi hugeuka njano. Haya ni manjano ya mtoto mchanga, na yasichanganywe na homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Bilirubini ikizidi sana huingia katika ubongo. Mtoto hulegea, hukataa kunyonya, hulia kwa sauti kali na hujikunja mgongo kwa nyuma. Anayenusurika huweza kubaki na uziwi au ulemavu wa viungo maisha yake yote.

Mwaka 1963 madaktari wa Ugiriki, Valaes, Doxiadis na Fessas, walieleza watoto wachanga ambao damu yao iliharibiwa hivyo kwa kuvuta nafthalini. Nchini Nigeria nako vidonge hivi vinatajwa miongoni mwa visababishi vya manjano makali kwa watoto wachanga.

Hili ndilo linaloeleza kwa nini mtoto wa kwanza aweza kuvaa nepi za sandukuni bila shida na mdogo wake akaumia: huenda wa pili alirithi upungufu ambao wa kwanza hakuurithi. Kwa hiyo kauli ya "mbona kaka yake alivaa?" haitoshi kuwa kinga.

Ushauri ni mwepesi. Nguo za mtoto zisihifadhiwe na nafthalini kabisa. Zifuliwe, zikaushwe vyema juani, zifungwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa au ndoo yenye mfuniko unaobana. Nguo zilizokwisha kukaa na vidonge hivyo, salama zaidi ni kutomvisha mtoto mchanga. Pasipo namna nyingine, zifuliwe zaidi ya mara moja na kuanikwa juani kwa siku kadhaa. Harufu ikibaki, hata kidogo, zisitumike. Mashuka, vyandarua na nguo za mama zichunguzwe vivyo hivyo.

Kufua, kuanika na kupiga pasi

Wapo wanaoamini kwamba kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina madhara. Sivyo. Chaweza kubeba vimelea vya kuhara sawa na cha mtu mzima. Kitupwe chooni, si uani wala jalalani, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kubadilisha nepi na kabla ya kumnyonyesha mtoto.

Nepi isuuzwe kwanza kwa maji baridi, kisha ifuliwe kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali, kwa maji ya moto ikiwezekana. Isuuzwe angalau mara mbili, hadi maji yatoke bila povu, kwa kuwa sabuni iliyobaki huwasha ngozi. Dawa za kulainisha nguo hazihitajiki. Hupunguza uwezo wa kitambaa kufyonza na huweza kuleta mzio. Anayetumia dawa ya klorini afuate kipimo cha kwenye chupa, aitumie kwa nepi iliyokwisha kufuliwa, na asuuze sana baadaye. Klorini isimwagwe juu ya nepi zilizojaa mkojo, maana mchanganyiko huo hutoa gesi inayodhuru mapafu.

Ndoo ya kulowekea iwe na mfuniko na iwekwe mbali na watoto. Mtoto aliyeanza kutambaa au kusimama dede anaweza kutumbukia kichwa na kuzama katika maji machache tu, kwa dakika ambazo mama ameingia ndani kutazama chungu.

Nepi zianikwe kwenye kamba, juani. Wapo nzi ambao wataalamu huwaita Cordylobia anthropophaga, wanaopatikana katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Jike hupenda kivuli, na hutaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo au kinyesi na kwenye nguo zenye unyevunyevu. Funza anayetoka humo hupenya ngozi ya mtoto, na hutokea uvimbe kama jipu wenye kitundu katikati. Kuanika chini, kwenye majani au kivulini humwalika nzi huyo. Pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mishono, huua mayai. Msimu wa mvua nepi zinapokaushwa ndani au barazani, pasi huwa ya lazima.

Ngozi chini ya nepi

Upele wa nepi hautokani na uzembe peke yake. Mkojo na kinyesi vikikaa pamoja, bakteria hugeuza urea kuwa amonia. Uasidi unaoilinda ngozi hupungua, na vimeng'enya vya kinyesi huanza kuila. Wekundu huonekana zaidi pale nepi inapogusa, huku mikunjo ya mapaja ikisalimika.

Tiba ya kwanza ni ukavu. Ngozi ioshwe kwa maji ya vuguvugu, ikaushwe kwa kugusagusa bila kusugua, na mtoto aachwe bila nepi kwa muda kila siku. Kisha apakwe mafuta mazito ya mgando au krimu ya zinki. Chupi ya plastiki inayovaliwa juu ya nepi huzuia hewa. Itumike kwa safari fupi tu. Poda iepukwe, maana vumbi lake huingia mapafuni.

Upele ukiingia katika mikunjo, ukawa mwekundu sana na kuzungukwa na vipele vidogo pembeni, huenda ni fangasi, na mtoto apelekwe kituo cha afya apewe dawa yake. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi kali zisitumike bila ushauri wa mtaalamu. Chini ya nepi dawa hizo hupenya zaidi, hukonda ngozi na kufikia mwili mzima.

Nepi ifungwe kwa namna inayoacha magoti yakunjike na mapaja yatanuke. Kuifunga miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa huweza kuvuruga ukuaji wa nyonga. Kabla kitovu hakijakatika, ukingo wa mbele ukunjwe chini yake ili kibaki kikavu.

Nepi kama taarifa

Nepi nyeupe ya kitambaa humpa mama habari bila kifaa chochote. Siku ya kwanza nepi moja iliyolowa inatosha. Siku ya pili, mbili. Kuanzia siku ya tano au ya sita, nepi sita au zaidi kwa siku ni dalili kwamba mtoto anapata maziwa ya kutosha. Doa la rangi ya waridi au chungwa katika siku mbili tatu za mwanzo mara nyingi ni chembe za asidi ya uriki. Likiendelea baada ya hapo, unyonyeshaji uchunguzwe. Choo cha kwanza cheusi kinachonata hutoka kwa kawaida ndani ya saa 24. Zikipita saa 48 bila choo, mtoto aonwe na daktari.

Rangi ni muhimu zaidi. Mkojo wa mtoto mchanga haupaswi kuacha doa la njano iliyokoza. Mtoto ambaye manjano yake yanaendelea baada ya siku 14, mkojo wake ukatia doa nepi na choo chake kikawa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, anaweza kuwa na kuziba kwa njia za nyongo. Upasuaji unaoitwa kwa jina la daktari wa Japani, Morio Kasai, hufaulu zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Mama anayemwonyesha muuguzi nepi hiyo mapema anaweza kuwa ameokoa ini la mwanawe.

Neno kwa watoa huduma

Katika mahudhurio ya baada ya kujifungua, tusiishie kuuliza kama mtoto ananyonya. Tuulize pia: "Nguo za mtoto zilikuwa zimehifadhiwa wapi, na kwa nini?" Tumchunguze mtoto kwenye mwanga wa mchana, tutazame weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo, maana kwa mwenye ngozi nyeusi manjano hujificha. Manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni, yanahitaji rufaa ya haraka. Kumwota mtoto jua la asubuhi si badala ya tiba ya mwanga wala ya kubadilishiwa damu.

Na tunapozungumza na familia, tukumbuke aliyelitunza sanduku. Mzazi kijana si rahisi kumwambia mama mkwe wake kwamba nguo alizozihifadhi hazifai. Kazi hiyo ni yetu, na ifanywe kwa heshima: "Shikamoo bibi. Tunakushukuru kwa kumtunzia mjukuu nguo zake. Tunakuomba vidonge hivi tu viondolewe, kwa sababu vinaweza kuharibu damu ya mtoto." Bibi akielewa sababu, atakuwa wa kwanza kuwaonya majirani, na maneno yake yatafika katika nyumba ambazo sisi hatufiki.