Kupima Estrojeni: Hesabu na Siku Yake

Jirani yangu, mwanamke wa miaka 31 ambaye huu ni mwaka wake wa nne katika ndoa bila ya kujaaliwa mtoto, alinijia alasiri moja na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne, akaniamkia, akaketi, na kwa kuwa anajua kwamba nilipata kufanya kazi ya ukunga, akanikabidhi karatasi ile akisema, "Dada, nisomee hapa, maana tangu jana sikulala." Paliandikwa estradioli, na mbele yake namba 42, kisha chini zikapangwa safu nne za viwango, kila moja na mwanzo wake na mwisho wake, naye alikuwa ameisoma safu ya pili, akaona namba yake haifiki hata karibu, akajihukumu kuwa ni tasa. Nikamwuliza: siku ile uliyotolewa damu ilikuwa ya ngapi tangu hedhi kuanza? Akanitazama kwa mshangao, kwani hakuna aliyemwuliza jambo hilo, wala fomu haikuwa na mahali pa kuliandika.

Estrojeni si homoni moja bali ni jamaa ya homoni, na mashuhuri kati yao ni tatu: estroni, estradioli na estrioli. Estrioli huzidi wakati wa mimba. Estroni ndiyo inayotangulia baada ya hedhi kukoma, sehemu yake kubwa ikitengenezwa katika mafuta ya mwili. Ama estradioli ndiyo yenye nguvu zaidi kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, nayo hutoka katika ovari, ikaunenepesha ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi na kuilinda mifupa isidhoofu. Wanaume nao wanayo, kwa uchache, na wanaihitaji. Basi tabibu anaposema tupime estrojeni, aghalabu kinachopimwa ni estradioli.

Sisi watu wa pwani tunajua kwamba mtu akisema maji ya mlangoni yana kina cha pima mbili hajasema neno mpaka ataje kama maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa, na kama ni siku za bamvua au za maji mafu. Estradioli nayo ina kujaa na kupwa kwake. Katika siku za mwanzo wa hedhi aghalabu huwa baina ya pikogramu 20 na 80 katika mililita moja ya damu. Yai linapokaribia kupevuka hupanda kwa haraka, ikapita 200 na pengine ikafika 400. Yai likishatoka hushuka, kisha ikainuka tena kwa kiasi, na hedhi ikikaribia ikapwa. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, kwa kawaida huwa chini ya 30. Zile safu nne, basi, ni nyakati nne za maji yale yale, na namba 42 iliyo njema siku ya tatu ingekuwa haba siku ya kumi na tatu.

Kuipima homoni hii si kazi nyepesi, kwa sababu ya uchache wake. Pikogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni milioni; sukari iliyomo katika damu ya mtu mwenye siha njema huizidi estradioli ya jirani yangu kiasi cha mara milioni 20. Mwaka 1923, huko Marekani, Edgar Allen na Edward Doisy hawakuwa na njia ya kuitambua homoni ya ovari ila kwa kuwadunga wanyama wadogo wa maabara waliokwisha kutolewa ovari, kisha kuyatazama mabadiliko ya miili yao. Mwaka 1929 Doisy, na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, waliipata estroni safi kutoka katika mkojo wa wajawazito. Na Doisy alipoitafuta estradioli katika ovari za nguruwe, alichakata tani nne nzima akaambulia miligramu chache tu.

Aliyetufungulia sote mlango wa kuzipima homoni katika damu ni mwanamke, Rosalyn Yalow, mtaalamu wa fizikia, akishirikiana na tabibu Solomon Berson katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Bronx, New York. Walianza na insulini, na hekima ya njia yao naweza kuieleza kwa mfano wa baraza. Baraza ina nafasi chache za kukaa, na hizo ndizo chembe za kinga zilizotayarishwa ziikamate homoni moja tu. Mwenyeji amekwisha kualika wageni wa idadi maalumu waliovaa kanzu zenye alama, yaani homoni iliyotiwa mnururisho. Kisha wanaingia wageni wa mgonjwa, wasio na alama, wakagombea nafasi zile zile. Kadiri wa mgonjwa wanavyokuwa wengi, ndivyo wenye alama wanavyobaki wamesimama. Basi ukiwahesabu wenye alama waliopata kuketi umekwisha kujua idadi ya wageni wa mgonjwa. Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa amekwisha kufariki mwaka 1972, na hawakutaka kuifanya njia ile kuwa mali yao. Siku hizi maabara nyingi hutumia alama zinazotoa mwanga badala ya mnururisho, na nyingine hutumia mitambo inayopima uzito wa chembe zenyewe, ambayo ni amini zaidi pale homoni inapokuwa chache mno, kama kwa watoto, wanaume na wanawake waliokoma hedhi.

Kwa anayepimwa, jambo lenyewe ni la dakika chache: mkono hufungwa mpira juu ya kiwiko, sindano huingia mshipani, kichupa kimoja hujaa. Damu huachwa igande kiasi cha nusu saa, kisha huzungushwa kwa kasi mpaka majimaji yake, ya rangi ya samli iliyoyeyushwa, yakajitenga juu, na hayo ndiyo yanayopimwa.

Makosa hutokea kabla na baada ya hapo. Mwanamke anayemeza vidonge vya majira huweza kuonekana na estradioli haba bila ya kuwa mgonjwa, kwa kuwa vidonge huzilaza ovari, na estrojeni iliyomo ndani yake aghalabu si ile ambayo kipimo kinaitambua. Anayekunywa vitamini za nywele na kucha zenye biotini nyingi huweza kupata, katika baadhi ya mitambo, namba kubwa ya uongo. Maabara nyingine huandika kwa pikomoli, na hapo 42 yetu husomeka 154, mtu akadhani kuna muujiza. Na mwanamke aliyepita miaka 45, ambaye hedhi imevurugika na joto linampanda ghafla usiku, kwa kawaida hana haja ya kipimo hiki, kwani katika kipindi kile homoni hupanda na kushuka ovyo, na umri wake pamoja na mwenendo wa hedhi yake vinatosha kumwongoza tabibu. Nakusihi basi, msomaji, uwe mwenye kupimwa au mwenye kupima, iandike tarehe ya kuanza hedhi juu ya fomu, hata kama haina mahali pake, pamoja na kila dawa inayotumika.

Jirani yangu alihesabu kwa vidole: hedhi ilianza Ijumaa, damu akatolewa Jumatatu. Siku ya nne. Nikamwonyesha safu ya kwanza, ambamo 42 imekaa katikati bila ya taabu, nikamwambia pia kwamba namba hiyo haikusema kama yai linatoka, jambo linalotafutwa kwa kupima projesteroni kiasi cha siku saba kabla ya hedhi inayofuata, na kwamba mumewe, ambaye katika miaka yote minne hajakanyaga maabara hata siku moja, naye hana budi kupimwa.